Mwamba Ngoma Huvutia Kwake: Historia ya Kituo cha Uingereza cha Kujaribia Ndege za Kivita

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Methali hii hukumbukwa kila mtu anapotakiwa kutoa hukumu juu ya kazi ya mikono yake mwenyewe. Fundi aliyeunda jahazi hawezi kulitazama kwa jicho lile lile la nahodha atakayelipeleka baharini wakati wa kusi. Fundi huona ustadi wake. Nahodha huona mawimbi. Baina ya wawili hawa anahitajika mtu wa tatu, mjuzi wa vyombo, asiyepata faida kwa kukisifu chombo wala hasara kwa kukikosoa.

Makala haya yanaeleza historia ya taasisi moja iliyoundwa iwe mtu huyo wa tatu katika uwanja wa ndege za kivita. Taasisi yenyewe ni Kituo cha Majaribio ya Ndege na Silaha cha Uingereza, kilichokuwa na makao yake kwanza Martlesham Heath na baadaye Boscombe Down. Hoja inayojengwa ni kwamba thamani ya kituo hiki haikutokana na ujasiri wa marubani wake pekee, ingawa ujasiri huo ulikuwa mwingi. Ilitokana zaidi na ukweli na usahihi wa maneno waliyoyaandika baada ya kutua. Kwa sababu hiyo, historia ya kituo hiki cha kijeshi inamhusu hata mwanafunzi wa lugha.

Chimbuko la Kituo

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, ndege ilikuwa chombo kichanga. Ilikuwa imepita miaka 11 tu tangu ndugu wawili wa Marekani, Orville na Wilbur Wright, waruke kwa mara ya kwanza mwezi Desemba 1903. Hata hivyo, majeshi yalianza kununua ndege kwa pupa, na kila kiwanda kikadai kwamba ndege yake ndiyo yenye kasi kuliko nyingine na ndiyo inayopanda juu upesi zaidi. Jeshi halikuwa na njia ya kuyapima madai hayo ila kwa kusikiliza maneno ya wauzaji.

Ili kuliziba pengo hilo, mwaka 1914 kitengo kidogo cha majaribio kiliundwa katika chuo cha urubani cha Upavon, kilichokuwa kimefunguliwa mwaka 1912 katika jimbo la Wiltshire. Kazi ilipoongezeka, kitengo kiligawanywa. Majaribio ya silaha yalipelekwa Orfordness, kwenye ufuo wa mashariki mwa Uingereza, nayo majaribio ya ndege zenyewe yakahamishiwa Martlesham Heath, karibu na mji wa Ipswich, mwezi Januari 1917.

Miongoni mwa waliofanya kazi katika kitengo hicho alikuwa Henry Tizard, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Oxford aliyejifunza urubani ili aweze kupima mambo mwenyewe badala ya kusimuliwa. Yeye na wenzake walikabiliwa na tatizo lisiloonekana kwa macho, nalo ni hewa. Kulipokuwa na baridi, hewa ilikuwa nzito. Kulipokuwa na joto, ilikuwa nyepesi. Ndege iliyojaribiwa asubuhi yenye baridi ilipanda upesi, na ile ile ikijaribiwa alasiri yenye joto ilijikokota. Ikiwa ndege ya kiwanda kimoja ilijaribiwa Januari na ya kiwanda kingine Julai, ni kwa kigezo gani mtu angesema kwamba hii inaishinda ile?

Jawabu lilikuwa kubuni hewa ya kulinganishia. Marubani walipima joto na shinikizo la hewa katika kila mwinuko waliofikia, kisha mahesabu yakafanywa ili kuonyesha ndege ingefanyaje kama hewa ingekuwa ya kiwango kilichokubaliwa. Siku hizi hewa sanifu ya kimataifa huchukulia kwamba joto katika usawa wa bahari ni nyuzi 15 za Selsiasi, na kwamba hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Msomaji wa Kiswahili hatashangazwa na dhana hii. Kigezo cha vitabu vya shule kilipohitajika, ililazimika kuchukuliwa lahaja moja, Kiunguja, iwe msingi wa usanifishaji uliokuja kusimamiwa na Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930. Tofauti iliyopo ni kwamba lahaja ina wasemaji wake, ilhali hewa sanifu haivumi popote duniani. Ni kipimo cha mezani tu. Pamoja na hayo, bila kipimo hicho hakuna ripoti mbili ambazo zingeweza kuzungumza.

Martlesham Heath Baina ya Vita Viwili

Mwaka 1924 kituo kilipewa jina lililokuja kujulikana sana, Aeroplane and Armament Experimental Establishment. Kazi ilifanywa na vikosi viwili vya Jeshi la Anga. Kikosi cha 22 kilipima uwezo wa ndege, nacho Kikosi cha 15 kikashughulikia silaha. Takriban kila ndege iliyotakiwa na jeshi ililazimika kupitia hapo, na hata ndege za abiria zilipelekwa ili zipimwe.

Utaratibu wenyewe haukuwa na mbwembwe. Kwanza ndege ilipimwa uzito, kwa sababu kiwanda kingeweza kuileta ikiwa nyepesi kuliko itakavyokuwa vitani. Kisha ilipakiwa mafuta, risasi na mizigo mingine hadi ifikie uzito wa kazi. Baadaye ilirushwa kupimwa kasi yake katika miinuko mbalimbali, muda wa kupanda, kimo cha mwisho, mafuta iliyotumia, na urefu wa ardhi iliyohitaji ili kuruka na kutua. Mwishowe ilifuata sehemu iliyo ngumu kuliko zote, yaani tabia ya ndege. Je, humtii rubani? Je, ikipoteza uwezo wa kuelea na kuanza kuzunguka kama pia, huweza kuzuiwa kabla haijafika ardhini?

Kiwanda kilikuwa na rubani wake aliyeijua ndege tangu ikiwa michoro. Rubani wa Martlesham aliikuta imekamilika, akaipanda kama mgeni. Ugeni huo ndio uliokuwa tunu yake. Rubani wa kiwanda alikuwa amekwisha kuzoea kasoro za ndege yake kiasi cha kutoziona tena, kama mtu aliyezoea mlango wa nyumba yake unaokwama na ambaye huusukuma kwa bega bila kufikiri.

Dakika Chache za Mei 1936

Tukio linaloonyesha uzito wa neno la rubani wa majaribio lilitokea tarehe 26 Mei 1936. Siku hiyo ndege ya kwanza ya aina ya Spitfire, iliyokuwa imeruka kwa mara ya kwanza mwezi Machi mwaka huo, ilifikishwa Martlesham. Kwa kawaida kituo kilichukua siku nyingi kabla ya kutoa maoni. Safari hii amri ilitoka juu kwamba ndege irushwe mara moja na rubani apige simu wizarani punde atakapotua.

Kazi hiyo ilimwangukia rubani Humphrey Edwardes-Jones. Ikumbukwe kwamba marubani wengi wa kivita wa Uingereza wakati huo walirusha ndege zenye mabawa mawili yaliyopandana, zenye magurudumu yasiyokunjwa na chumba cha rubani kilicho wazi. Spitfire ilikuwa na bawa moja kila upande, chumba kilichofunikwa, na magurudumu yaliyokunjwa ndani ya mabawa. Edwardes-Jones aliporejea kutua, nusura asahau kuyateremsha magurudumu hayo, kwa kuwa mikono yake haikuwa imezoea kazi hiyo. Aligutuka wakati ungalipo, akayateremsha, akatua salama.

Kwenye simu alimkuta Wilfrid Freeman, afisa mkuu aliyesimamia utafiti wa Jeshi la Anga. Freeman hakuuliza kasi wala kimo. Alijua kwamba takwimu hizo zisingeweza kupatikana katika mruko mmoja mfupi. Aliuliza jambo moja tu: je, vijana wa kawaida waliokuwa wakijiunga na jeshi wangeweza kuimudu ndege ya kisasa namna hiyo? Edwardes-Jones alijibu kwamba wangeweza, mradi wafundishwe ipasavyo kutumia magurudumu yanayokunjwa, na kuwe na kitu cha kumwonyesha rubani kama yameshuka au la. Siku nane baadaye, tarehe 3 Juni 1936, serikali iliagiza ndege 310.

Jibu hilo lina mafunzo mawili. Kwanza, lilikuwa ndiyo yenye sharti. Rubani hakuificha kasoro aliyokutana nayo ingawa kuikiri kulimaanisha kukiri kwamba yeye mwenyewe, bingwa, alikaribia kusahau. Mtu mwenye kujali sifa yake angenyamaza. Pili, aliichukua kasoro yake binafsi akaiona kuwa kasoro ya chombo. Hoja yake ilikuwa kwamba ikiwa rubani mzoefu amekaribia kusahau, basi kijana wa miaka 20, akiwa amechoka na kufukuzwa na adui, atasahau kwa hakika. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na maradhi ya ndege, yakifichwa na rubani mmoja, huwaumbua wengine wengi.

Boscombe Down na Gharama ya Ukweli

Vita Vikuu vya Pili vilipoanza mwezi Septemba 1939, Martlesham ilikuwa karibu mno na ndege za Ujerumani. Mwezi huo huo kituo kilihamishiwa Boscombe Down, karibu na mji mdogo wa Amesbury, katika jimbo lile lile la Wiltshire kilikochipukia. Uwanja ulikuwa wa nyasi na majengo hayakutosha, ilhali aina za ndege zilizoletwa ziliongezeka maradufu.

Mfano wa ndege aina ya Halifax unatosha kuonyesha uzito wa kazi iliyofanywa hapo. Halifax ilikuwa ndege ya kudondosha mabomu, yenye injini nne na wahudumu saba. Iliingia kazini mwishoni mwa mwaka 1940, na baada ya muda taarifa zikaanza kutoka vikosini kwamba baadhi ya ndege hizo zilianguka pasipo sababu bayana. Watu wa Boscombe Down walipewa jukumu la kuitafuta sababu, na njia ya kuitafuta ilikuwa moja tu, nayo ni kuyaumba upya mazingira ya ajali kwa makusudi, huku wakiwa wamo ndani ya ndege.

Ilibainika kwamba chanzo kilikuwa mkiani. Halifax ilikuwa na mapezi mawili ya pembetatu yaliyosimama wima mkiani, na nyuma ya kila pezi palikuwa na usukani kama ule wa jahazi. Injini za upande mmoja zilipozimika kwa kupigwa risasi, rubani alilazimika kuukanyaga usukani kwa nguvu ili kuizuia ndege isigeuke. Kasi ilipokuwa ndogo, usukani ulizidiwa na upepo, ukavutwa hadi mwisho wake na kunasa huko. Ndege ilipinduka ikaanza kuzunguka ikielekea chini. Mwaka 1943 Halifax mojawapo ya kituo iliharibika mkia wakati wa majaribio haya, ikaanguka na kuwaua waliokuwamo. Uchunguzi haukusitishwa. Mapendekezo yake yalitekelezwa, na Halifax zilizofuata zikawekewa mapezi makubwa zaidi yenye umbo la herufi D. Wahudumu waliokuja baadaye waliruka na mkia uliogharimiwa kwa maisha ya watu ambao wengi wao hawakupata kuyajua majina yao.

Vifo vya namna hiyo viliufanya uongozi ujiulize swali kuhusu elimu. Hadi wakati huo, rubani wa majaribio aliteuliwa kwa sababu ya uzoefu, kisha akajifunza kazi akiwa kazini. Mwaka 1943 shule maalumu ilianzishwa Boscombe Down chini ya Sammy Wroath, ambaye mwaka 1936 alikuwa ameijaribu ndege aina ya Hurricane kule Martlesham. Mwaka uliofuata ilipewa jina la Empire Test Pilots' School. Ilihamia Cranfield mwaka 1945, ikaenda Farnborough mwaka 1947, na hatimaye ikarejea Boscombe Down mwaka 1968. Marekani na Ufaransa nazo zilianzisha shule zao katika miaka hiyo hiyo ya arobaini. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba dola iliyoipa shule hiyo jina lake ilikwisha zamani, lakini jina limebaki, kama masalia ya msamiati yanavyobaki kinywani baada ya mambo yenyewe kutoweka.

Lugha ya Majaribio

Mwanafunzi wa shule hiyo hafundishwi kurusha ndege. Hilo analijua kabla ya kuingia. Hufundishwa kuichunguza na kuieleza. Sehemu kubwa ya muda wake huishia mezani, akiandika ripoti na kuziandika upya.

Ugumu wa uandishi huo unatokana na vivumishi. Rubani akisema kwamba usukani ni mzito, amesema nini hasa? Mzito kwa mkono wa nani, kwa kasi gani, ndege ikiwa imebeba mzigo kiasi gani, na ikiwa inafanya nini? Kivumishi cha sifa kikisimama peke yake hubeba maoni bila kipimo. Ndiyo maana rubani wa majaribio huanza kwa kueleza hali, hufuatisha alichokifanya, husema ndege ilijibu vipi, na mwisho kabisa ndipo hutoa hukumu. Aidha, hutakiwa kuieleza hukumu hiyo kwa kuihusisha na kazi inayokusudiwa. Ndege haiwi mbaya hivi hivi tu. Huwa mbaya kwa kutua usiku, au kwa kulenga shabaha, au kwa kuruka karibu na nyingine.

Hata hivyo, si kila kitu hupimika kwa mizani na saa. Wepesi wa kuitawala ndege ni jambo linalohisiwa na binadamu, na hisia za watu hutofautiana. Katika kulitatua jambo hili, George Cooper, rubani wa utafiti wa Marekani, alitunga mwaka 1957 kipimo cha kupangia maoni ya marubani. Yeye na Robert Harper walikiboresha na kukichapisha mwaka 1969. Kipimo hiki kina ngazi 10, ambapo 1 ni bora kabisa na 10 humaanisha kwamba rubani atashindwa kuitawala ndege. Rubani haanzi kwa kutaja namba. Huanza kwa kujibu maswali ya ndiyo au la. Je, ndege inatawalika? Ikiwa inatawalika, je, kazi inaweza kufanywa vya kutosha bila kumchosha rubani kupita kiasi? Ikiwa inaweza, je, inaridhisha bila marekebisho? Kila jibu humpeleka kwenye tawi lake, na mwishoni hujikuta amebakiwa na ngazi chache za kuchagua.

Kipimo hiki kilienea katika shule za marubani wa majaribio duniani. Watungaji wake walisisitiza kwamba namba isitengwe na maelezo ya rubani. Namba huonyesha ukubwa wa tatizo, lakini ni maneno yanayoonyesha lilipo na namna ya kulitibu. Mhandisi akiambiwa 7, atajua kwamba kuna kasoro kubwa. Hatajua pa kuanzia.

Baada ya Vita

Ujio wa injini za jeti na helikopta uliipanua kazi ya Boscombe Down. Baadhi ya ndege mashuhuri za viwanda vya Uingereza ziliruka kwa mara ya kwanza kutoka kwenye uwanja huo, zikiwemo P.1, iliyozaa ndege aina ya Lightning, mwezi Agosti 1954, na TSR-2 tarehe 27 Septemba 1964. Mradi wa TSR-2 ulifutwa na serikali mwezi Aprili 1965, jambo linalokumbusha kwamba rubani wa majaribio hutoa ushahidi tu. Wanaoamua ni wengine.

Majaribio mengine hayakuweza kufanywa katika hali ya hewa ya Uingereza. Hewa ya joto na ya nyanda za juu ni nyepesi, hivyo huyapunguzia mabawa nguvu ya kuinua na injini nguvu ya kusukuma. Hewa sanifu ya mezani huweza kutabiri hali hiyo, lakini haimwondolei mtu wajibu wa kwenda kushuhudia. Mwaka 1939 ndege aina ya Hurricane ilipelekwa Khartoum kujaribiwa katika joto na vumbi. Mwaka 1950 waundaji wa Comet, ndege ya abiria ya jeti, waliileta Khartoum na Nairobi kwa madhumuni kama hayo. Nairobi ilifaa kwa sababu iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Anga ya Kenya nayo ilikuwa sehemu ya maabara.

Mwaka 1992 jina la kituo lilibadilishwa, na neno lenye maana ya majaribio likaondolewa ili nafasi yake ichukuliwe na lenye maana ya tathmini. Mwaka 1995 shughuli zake ziliingizwa katika wakala mkubwa wa utafiti wa ulinzi, na mwaka 2001 sehemu kubwa ya wakala huo ikawa kampuni iitwayo QinetiQ, iliyoachiwa kuuendesha uwanja wa Boscombe Down kwa niaba ya Wizara ya Ulinzi. Mabadiliko haya yanaibua upya swali la tangu mwaka 1914. Kituo kiliundwa ili pawe na umbali baina ya anayeuza na anayepima. Umbali huo hauhifadhiwi na jina wala na hati ya umiliki. Huhifadhiwa na mtu aliye tayari kuandika kwamba chombo hakifai, hata kama waliokigharimia wanasubiri kusikia kinyume chake.

Hitimisho

Makala haya yamefuatilia safari ya kituo kimoja kutoka Upavon hadi Martlesham Heath, na kutoka hapo hadi Boscombe Down. Imebainika kwamba vipimo sanifu, ugeni wa mpimaji, mafunzo rasmi na nidhamu ya lugha ndivyo vilivyolifanya neno la rubani wa majaribio liaminike. Kati ya hivyo, nidhamu ya lugha ndiyo inayosahaulika upesi, kwa kuwa haionekani angani.

Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, somo hili si la mbali. Mhakiki anayesema kwamba riwaya inavutia bila kueleza ni kwa nani, kwa mbinu gani na katika sura ipi, hana tofauti na rubani anayetua na kusema kwamba ndege ni nzuri. Tofauti ni kwamba kosa la mhakiki haliangushi mtu kutoka angani. Edwardes-Jones alikuwa na dakika chache tu hewani na swali moja kwenye simu. Alijibu ndiyo, akataja sharti lake, na sharti hilo lilihusu magurudumu ambayo yeye mwenyewe alikaribia kuyasahau.